Mayai ya Fungu Kavu

Nilipelekwa Fungu Kavu kufuta kinyesi cha ndege kwenye kioo cha kamera. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nilikwenda kupigania haki. Kamera namba mbili ilikuwa imepakwa hadi haioni, fundi wetu Stambuli alikuwa kwenye harusi ya dada yake, na wakubwa wa Idara ya Visiwa wakanitazama mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye goti bovu, wakaona nafaa kupanda panzi.

Panzi ni chombo cha umeme cha viti viwili. Hupaa wima na kutua popote panapotosha kutandika mikeka miwili. Aliyekirusha siku hiyo ni Ngwali, mkusanyaji wa Kituo cha Pumzi, wale wanaotengeneza dawa ya mapafu kutokana na ute wa mayai ya buabua, ndege wa baharini. Tulijuana kwa sauti tu. Kila msimu alinipigia kunijulisha kwamba anaanza kazi, nami nilimjibu: haya, Mungu akulinde.

"Bi Mize," alisema tukiwa juu ya bahari, "miaka minne unawahesabu ndege wangu, leo ndiyo mnaonana ana kwa ana."

"Ndege wako? Uliwataga wewe?"

Alicheka mpaka panzi kikayumba. Nilimpenda pale pale. Nasema hivyo kwa sababu baadaye nilitaka kumpiga kwa jiwe.

Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe uliofunikwa mchanga na majani mafupi ya chumvi. Hakuna mti, hakuna maji matamu, hakuna mtu aliyewahi kulala pale kwa hiari. Lakini kelele! Ofisini nilizoea kuwaona buabua bila sauti, vidoa vyeusi mgongoni na vyeupe kifuani, vimelala kwenye mchanga kama shanga zilizomwagika. Hapa walipiga kelele wote kwa pamoja, wakashuka hadi kwenye nywele zangu, wakaninyea begani kabla sijakanyaga chini miguu yote miwili.

"Karibu," alisema Ngwali. "Wanakusalimu."

Nilipanda ngazi ya mlingoti upande wa magharibi, nikafuta kioo kwa kitambaa na siki. Kazi ya dakika kumi. Chini ya panzi Ngwali alikuwa amefungua sanduku lake la mayai, alilokuwa ameliacha kisiwani, anasoma kipimo cha baridi.

"Nitembee mpaka mashariki," nikamwambia. "Nimemwahidi mjukuu wangu picha ya kifaranga."

Aliinua kichwa haraka. "Huko kamera ni safi."

"Sijasema kamera. Nimesema kifaranga."

"Bi Mize, jua kali. Goti lako."

"Goti ni langu."

Ndege wa mashariki hutaga mapema kuliko wenzao. Walikuwa wamelalia mayai kwa zaidi ya mwezi, kwa hiyo vifaranga walipaswa kuwa wanakimbia huku na huku kama vipande vya pamba iliyochafuka. Niliona ndege mia tatu na zaidi wamelala, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na samaki.

Sikuelewa. Samaki wadogo, wengine wabichi, wengine wamekauka, wengine wameoza na kujaa nzi. Kila ndege alikuwa na lundo lake, wengine kiasi cha konzi mbili. Nikapiga magoti mbele ya mmoja. Mwenzake akatua na samaki mdomoni, akainama, akamweka chini taratibu karibu na tumbo la aliyelala. Halafu nikasikia sauti. Pii, pii, pii. Kifaranga anayeita kutoka ndani ya yai.

Nikangoja. Moyo ulinidunda kwa furaha, kwa kweli. Nikatoa simu, nikaelekeza. Yai liliita, ndege akalisogezea samaki, yai likaita tena. Halikuwa na ufa. Nikatazama la jirani. Linaita. La tatu, la nne. Yote yanaita, kwa sauti moja, kwa mpigo mmoja.

Niliingiza mkono chini ya ndege. Alinidonoa hadi damu ikatoka, nami nikalitoa yai. Yai lilikuwa na joto na madoa ya kahawia yaliyochorwa vizuri sana, na chini yake mstari mwembamba wa kuungia, kama ule wa kopo la dawa.

Nililipiga kwenye mwamba. Ndani mlikuwa na nyaya mbili, betri, na kidude kidogo cheusi ambacho kiliendelea kuita mkononi mwangu. Pii, pii, pii. Ndege yule aliruka akatua kwenye kifundo changu cha mkono, akanishushia samaki kiganjani.

*

"Yalikuwa ya kutuliza tu," alisema Ngwali.

Nilikuwa nimerudi nikichechemea, kile kidude ngumini. Nilikiweka juu ya sanduku lake, kikaita mbele yake.

"Kutuliza nini?"

"Ndege. Ukichukua yai, anahangaika. Unampa hili siku moja, mbili. Ina joto, ina mapigo ya moyo. Anatulia."

"Kibali kinasema chukueni yai la kwanza. Akitaga la pili, mwachieni. Mimi ndiye niliyekiandika kile kibali, Ngwali. Neno kwa neno."

"Najua."

"Mmechukua la pili."

"Tumechukua."

"Mwaka huu tu?"

Alitazama bahari. Nikamwita kwa jina lake na la baba yake, kama hakimu. Akajibu bila kugeuka: "Miaka yote minne iliyopita pia, dada."

Hapo nilielewa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Kamera zetu huwashwa siku ishirini za kutaga, kisha huzimwa kulinda betri. Mashine hutazama kutoka juu na kumhesabu kila ndege aliyelala chini. Mwaka wa kwanza waliolala walikuwa mia tano sitini na mmoja. Mwaka jana mia tano arobaini. Mimi husoma namba, nalinganisha na ya nyuma, naandika: "Wanaendelea kuzaliana vizuri." Halafu nasaini. Sikuwahi kuuliza wamelalia nini. Hakuna mtu ofisini aliyewahi kuuliza. Tulimwona ndege amelala, tukamwita mzazi.

Buabua huishi miaka thelathini. Wazazi wale wale hurudi kila mwaka, kisiwa hujaa, picha hupendeza. Kifaranga aliyezaliwa leo hurudi kutaga akiwa na miaka sita. Kwa hiyo ukiua watoto wote wa mwaka huu, hakuna atakayeona pengo mpaka mwaka wa sita, na wakati huo wazee nao wameanza kufa. Kisiwa hakipungui polepole. Kinakatika.

"Hayo mekundu ndani ya sanduku ni nini?" niliuliza.

"Taa tu. Mayai ya huku magharibi. Mia mbili na kumi na nne. Nimeyakusanya juzi, jana na leo asubuhi."

"Yako hai?"

"Yako kwenye baridi ndogo. Hayajaanza kukua. Maabara huyataka hai." Halafu akaona ninavyolitazama sanduku, akasogea akasimama kati yetu. "Hapana, Bi Mize."

"Nipe redio."

*

Daktari Mapunda, mkuu wa Kituo cha Pumzi, alipokea mwenyewe. "Shikamoo, Bi Mize."

Sikumwitikia. Katika maisha yangu sijawahi kuacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini, hata ya mlevi. Ile niliiacha.

"Nina yai lako la plastiki mkononi," nilimwambia.

Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya. Alinieleza kwamba mayai kumi na moja yanatoa dawa ya mgonjwa mmoja hadi msimu ujao. Kwamba wagonjwa wote walifanya kazi kwenye vinu vya kusaga mawe ya betri, na vumbi limeyageuza mapafu yao kuwa kama kitambaa kilichokauka na gundi. Kwamba sanduku lile ni watu kumi na tisa.

"Kuna njia nyingine ya kuipata hiyo dawa?" niliuliza.

"Ipo. Kuku wa maabara. Tunaweza kumfanya kuku atage ute ule ule. Inahitaji miaka mitatu ya kazi."

"Mlianza lini?"

"Hatujaanza."

"Kwa nini?"

"Bi Mize, usinielewe vibaya." Nilisikia karatasi zikifunuliwa. "Nilijiwekea sharti. Siku ripoti ya Idara itakaposema ndege wanapungua, nasimamisha ukusanyaji na kuanza kuku siku hiyo hiyo. Kila mwaka niliisubiri. Kila mwaka ulituandikia wanazaliana vizuri. Ningeharakisha nini?"

"Ulijua ripoti ni ya uongo! Wewe ndiye uliyewawekea plastiki!"

"Saini si yangu," alisema.

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, maana nimekwisha kukitubia. Lakini maneno yalipoisha, saini ilikuwa bado yangu. Miaka mitatu ya kuku ingekuwa imekwisha, watu wale wangekuwa wanapumua na ndege wangekuwa na watoto, kama mtu mmoja tu ofisini angenyanyuka kwenye kiti akaja kuinua ndege mmoja aone chini yake kuna nini. Mtu huyo alikuwa mimi.

*

Alasiri iliingia. Ngwali alinionyesha kibla kwa kidole, na kila mmoja akatawadha kwa maji ya chupa yake, akaswali upande wake wa panzi. Nilisimama mbele ya Mola wangu. Nilitaka kuomba uongofu, na kilichonijia ni uso wa Mapunda, ambao hata sijawahi kuuona. Nikapotea. Sikujua nimeswali rakaa tatu au nne. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuhesabu. Nikaongeza moja, nikasujudu sijida ya kusahau, na paji la uso likiwa mchangani nikasema kwa Kiswahili changu cha kawaida: Ya Rabi, nimeshuhudia uongo kwa mkono huu, mara nne. Usiniache niinuke nikiwa na mkono ule ule.

Nilipotoa salamu, Ngwali alikuwa amekaa juu ya sanduku.

"Nitayarudisha," nikamwambia.

"Ukijaribu nitakuzuia."

"Utampiga mwanamke wa umri wangu?"

"Usinijaribu, dada. Mke wangu yumo humu ndani." Aligonga kifuniko. "Maimuna. Alisaga mawe miaka tisa. Sasa hawezi kuvuka chumba. Bila dawa ya mwaka huu, daktari anasema hafiki Ramadhani. Unadhani nilikuwa nawaibia ndege kwa kupenda? Kila nikiweka lile dude nasema bismillahi, na nikisema bismillahi naona haya."

"Pole," nilisema, na niliimaanisha. "Na mwakani je? Na mwaka wa keshokutwa, kisiwa kikiwa kitupu, watapewa nini? Wote, si kumi na tisa tu?"

"Mwakani ni mwakani! Mimi naongea habari za Maimuna!"

"Nami naongea habari za hawa, ambao mliwafanya wawalishe betri!"

Tulipigiana kelele mpaka ndege wa karibu wakaruka. Mwisho pumzi zilituishia sote wawili. Akainuka kwenye sanduku. Nilidhani ananipisha. Alichukua redio, akabonyeza, akasubiri, akasema, "Maimuna, kuna mtu hapa," kisha akaninyooshea.

"Utamwambia wewe," alisema. "Kwa mdomo wako. Ukimaliza, sikugusi."

Kwanza nilisikia mashine ya hewa ya wodini. Kisha sauti ya mwanamke, ikikatika baada ya kila maneno machache.

"Wewe ndiye Mize mkaguzi? Ngwali hukutaja. Anasema una heshima."

"Ndiye mimi, mwanangu."

"Usiniite mwanangu. Sema."

Nilimwambia yote. Plastiki, samaki, saini zangu nne, kuku ambao hawakuanzwa, sanduku. Nilimwambia kwamba mayai yakirudi leo chini ya ndege yataanguliwa, na yakienda maabara kisiwa kimekaribia mwisho wake. Sikupunguza na sikulia.

"Sasa unataka nikujibu nini?" aliuliza.

"Sitaki kitu. Mumeo amesema nikwambie mwenyewe."

"Unataka. Unataka niseme, rudisha tu, mama, mimi nimeridhika. Ili ukirudi kwako upate usingizi." Mashine ilivuta mara tatu. "Sijaridhika. Nina miaka thelathini na nane. Nataka kuishi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na bado utayarudisha."

"Nitayarudisha."

"Basi usizime redio. Hesabu kwa sauti. Nataka kusikia kila moja linavyonitoka."

Nilifunga redio kifuani kwa ncha ya mtandio, nikachukua gunia la kamba kwenye panzi, nikaanza. Inua ndege, pokea donoo, toa la plastiki, weka la kweli. "Moja." Yai la buabua ni zito kuliko linavyoonekana. "Mbili." Nililipasha kila moja kidogo viganjani kuliondolea baridi. Ngwali alikaa chini, uso kwenye magoti. "Kumi na moja," nilisema, na sauti kutoka kifuani ikasema, "Huyo wa kwanza ni nani?" Nikajibu sijui. "Mimi najua. Kitanda cha pili. Bi Zaituni. Amelala, hajui. Endelea."

Niliendelea. Kila nilipofika kumi na moja nyingine alinitajia jina. Si yote; mengine hakuyajua, akasema "mzee wa mlangoni," akasema "yule mwenye binti anayesuka." Mikono yangu ilikuwa inavuja damu hadi kwenye viwiko. Gunia lilijaa mayai ya uongo, yana joto, yanadunda pajani mwangu kama kitu kilicho hai, na nikalichukia gunia lile kuliko nilivyowahi kuchukia kitu chochote. Baada ya majina kwisha alibaki akisema "endelea" tu. Baadaye ikawa pumzi tu.

"Mia mbili na tatu."

Nikasimama.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Maimuna.

"Yamebaki kumi na moja."

Mashine ilivuta, ikatoa. Ndege walipiga kelele.

"Mpe mume wangu redio," alisema.

Ngwali aliisikiliza akiwa amenipa mgongo. Sikusikia aliambiwa nini. Alisema "haya" mara mbili, akaizima. Akaja, akafunga sanduku bila kunitazama, akalibeba kwa mikono miwili hadi kwenye panzi, akaliweka juu ya kiti changu na kulifunga mkanda, akaukaza, akaujaribu kwa kuuvuta.

Ningeweza kumzuia. Wagonjwa kumi na wanane nilikuwa nimewanyang'anya kwa mkono wangu na kwa sauti yangu. Wa kumi na tisa alikuwa na mume kisiwani, na nilikuwa nimemsikia akivuta pumzi. Nilisimama na gunia langu, sikufungua mdomo. Hiyo haikuwa huruma. Huruma ingewatosha wote au isingemgusa yeyote. Nimeliombea msamaha jambo hilo kila siku tangu hapo, na sijui hata ni lipi kati ya mawili naliombea.

"Sanduku halikai mapajani," alisema Ngwali. "Nikirusha nahitaji mikono."

"Nimeona. Nenda."

"Nitarudi kesho asubuhi. Maji yako chini ya mlingoti."

"Nenda, Ngwali. Yatapata joto."

Panzi kilipaa, kikapinda kuelekea bara, kikawa kidoa.

Nilikuwa na kazi moja iliyobaki siku hiyo; wale wa mashariki wangengoja asubuhi. Huku magharibi ndege kumi na mmoja walikuwa bado wamelalia plastiki. Kuwaachia kungekuwa kuwafanya wavue samaki mwezi mzima kwa ajili ya betri. Niliwatoa mayai yale, moja moja, nikayatupa guniani. Kila ndege alibaki amesimama juu ya mchanga mtupu, akigeuza kichwa, akitazama kwa jicho hili, kisha kwa lile. Mmoja aliruka. Wawili wakamfuata. Jua lilipokuwa linashuka walikuwa wameondoka kumi.

Wa mwisho alirudi kulala. Alijikunja vizuri, akatandaza manyoya ya tumbo, akalalia mchanga.

"Ondoka," nilimwambia. "Hakuna kitu hapo."

Alinitazama tu.

"Ondoka! Wamekudanganya! Mimi nimekudanganya! Nenda ukale, mpumbavu wewe, nenda baharini!"

Nilimfukuza kwa mikono miwili, nikapiga kelele, nikarusha mchanga, goti likaniuma hadi nikaanguka, nikaendelea kumfukuza nikiwa chini, na machozi yakinitoka kwa hasira. Alinidonoa mara mbili. Kisha akanyanyuka, akazunguka juu yangu akilia, akaelekea majini.

Nikajivuta nikakaa pale alipokuwa amelala. Mchanga ulikuwa bado na joto.